Kibarua akijeruhiwa Mji wa Kale, ni nani wa kumlipa fidia?

MTU anayepita asubuhi katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, kutoka Kibokoni hadi Ndia Kuu, ni nadra akose kuona nyumba inayokarabatiwa. Majukwaa ya mbao na boriti huegemezwa kwenye kuta za mawe ya matumbawe, na juu yake husimama mafundi wanaobandua chokaa iliyozeeka, kubadilisha boriti za mikoko zilizooza au kuirudishia roshani mbao zake.

Kazi hiyo ni ya hatari. Njia ni nyembamba, kuta nyingi ni za kale, na jukwaa likiporomoka hakuna nafasi ya kulikwepa, kwa aliye juu wala kwa anayepita chini.

Ajali inapotokea, swali la kwanza huwa ni la matibabu. La pili, ambalo huweza kuchukua miezi au hata miaka kabla ya kujibiwa, ni hili: Majeruhi huyu ameajiriwa na nani, na je, mwajiri huyo ana bima?

Tuchukulie mfano. Mwenye nyumba ametoa kazi ya ukarabati kwa mwanakandarasi aliyesajiliwa. Mwanakandarasi huyo amempa mwingine, aliye mdogo wake, kazi ya kuta na paa. Huyo wa pili amemwita fundi mkuu, naye fundi mkuu amekwenda Majengo alfajiri akakusanya vijana sita wa kuchanganya chokaa na kubeba mawe, kwa ujira wa siku.

Mchana, mmoja wa vijana hao anaanguka kutoka ghorofa ya pili na kuvunjika uti wa mgongo. Fundi mkuu hana bima. Mwanakandarasi mdogo pia hana. Mwanakandarasi mkuu anayo, lakini anasema kijana huyo hamjui, hajawahi kumlipa hata shilingi moja na jina lake halimo katika orodha ya wafanyakazi wake.

Makala haya yanaeleza sheria ya Kenya inasema nini kuhusu mkasa kama huo, njia zilizo wazi kwa majeruhi, na mambo ambayo mwenye nyumba na mwanakandarasi mkuu wanapaswa kuyatimiza kabla ya jukwaa la kwanza kusimamishwa.

KIBARUA BILA BARUA

Mtindo wa kugawa kazi kutoka mkono hadi mkono si mgeni kisiwani Mombasa. Neno kibarua lenyewe linahusishwa na barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kuwa ithibati kwamba amefanya kazi na anastahili kulipwa.

Kwa miongo mingi, bandari ya Kilindini iliendeshwa kwa nguvu za watu wa namna hiyo. Makampuni ya kupakia na kupakua shehena yaliwachukua watu asubuhi meli ilipokuwapo, na kuwaacha jioni kazi ilipokwisha. Manung'uniko kuhusu ujira na maisha ya mjini yalichangia migomo mikubwa ya Mombasa ya mwaka 1939 na ya Januari 1947. Katika miaka ya 1950 wenye bandari walianza kuwasajili wapagazi, na kidogo kidogo ajira ya siku kwa siku ikapungua bandarini.

Katika ujenzi, hata hivyo, mtindo huo umebaki. Wengi wa wanaofanya kazi ya mjengo leo hawana mkataba ulioandikwa, hawana kadi ya kazi, na hulipwa taslimu au kwa simu mwisho wa siku au wa wiki. Kibarua amebaki na jina, lakini ile barua ndogo iliyompa jina hana tena.

Kukosekana kwa karatasi hiyo ndiko kunakozaa mzozo baada ya ajali. Kila mmoja katika mnyororo wa kandarasi humsukumia mwenzake mzigo, na aliye kitandani hubaki akijiuguza kwa michango ya jamaa na majirani.

SHERIA YA 2007

Hadi mwaka 2008, fidia ya wafanyakazi ilisimamiwa na sheria ya tangu enzi ya ukoloni, iliyojulikana kama Sura ya 236. Mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza. Ilianza kutumika Juni 2008.

Sheria hiyo inamtaka kila mwajiri awe na bima ya kugharimia fidia ya wafanyakazi wake. Kutokuwa nayo ni kosa la jinai, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini, kufungwa jela, au vyote viwili.

Inamtaka pia mwajiri atunze kumbukumbu za wafanyakazi wake na za mapato yao, na atoe taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba baada ya kupata habari.

Kinga ya sheria hii haiishii kwa wenye ajira ya kudumu. Mfanyakazi, kwa maana yake, ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, na mwanagenzi anayejifunza ufundi amejumuishwa. Mkataba si lazima uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo, yakithibitishwa, yanatosha. Kwa hivyo kibarua wa siku moja aliyeanguka saa nne asubuhi katika siku yake ya kwanza ana haki sawa na yule aliyekaa kazini miaka kumi.

Mafao yenyewe ni ya namna kadhaa. Mwajiri hugharimia matibabu, dawa, usafiri wa kwenda hospitalini na viungo vya bandia panapohitajika. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa malipo ya vipindi.

Aliyepata ulemavu wa kudumu hulipwa kwa kukadiria asilimia ya ulemavu wake juu ya mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Akifa, wategemezi wake hulipwa mapato ya miezi 96 pamoja na gharama za mazishi.

Kwa hesabu ya mfano tu, kibarua anayepata Sh1,000 kwa siku na kufanya kazi siku 26 kwa mwezi ana mapato ya Sh26,000. Mapato ya miezi 96 ni Sh2,496,000. Daktari akikadiria kwamba amepata ulemavu wa kudumu wa asilimia 30, fidia yake itakuwa Sh748,800. Kwa familia inayotegemea ujira wa siku, fedha hizo huamua kama watoto wataendelea na masomo.

Jambo moja muhimu ni kwamba majeruhi hahitaji kuthibitisha kuwa mwajiri alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba ajali ilitokea akiwa kazini na kwa sababu ya kazi hiyo. Utovu wa nidhamu wa makusudi unaweza kumnyima mafao, ila si pale ajali iliposababisha kifo au ulemavu mkubwa.

MAHAKAMA ZILIVYOAMUA

Sheria hii ilipita katika mawimbi kabla ya kutulia. Chama cha Mawakili Kenya (LSK) kilikwenda mahakamani kuipinga, hasa kwa kuwa ilimzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake moja kwa moja na kumtaka aanzie kwa Mkurugenzi.

Machi 2009, Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele kadhaa vyake. Novemba 2017, Mahakama ya Rufaa ilivirejesha vingi kati ya hivyo. Hatimaye, Desemba 3, 2019, Mahakama ya Juu ilikubaliana na uamuzi wa Mahakama ya Rufaa.

Maana yake kwa mfanyakazi wa kawaida ni kwamba dai la fidia dhidi ya mwajiri huanzia kwa Mkurugenzi. Asiyeridhika na uamuzi hupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi huyo ndani ya siku 60. Asiporidhika tena na jibu la pingamizi, hukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo chake Mombasa.

KUKOSA BIMA HAKUFUTI DENI

Wapo wanaodhani kwamba mwajiri asiye na bima hana cha kudaiwa. Dhana hiyo si sahihi. Wajibu wa kulipa fidia ni wa mwajiri mwenyewe, na bima ni chombo tu cha kumsaidia kuutimiza. Asipokuwa nayo, hulipa kutoka mfukoni mwake, na juu ya hilo anaweza kushtakiwa kwa kosa la kutokuwa nayo.

Taabu iliyopo ni ya mali. Fundi mkuu anayeishi katika chumba cha kupanga Tononoka anaweza kuamriwa kulipa laki saba, na ukweli ukawa kwamba hana hata elfu saba. Amri dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi tu mkononi mwa majeruhi.

Ndiyo maana macho huelekezwa juu ya mnyororo, kwa mwanakandarasi mkuu, ambaye kwa kawaida ana bima, ana akaunti benki na ana jina la kulinda.

Wazo la kumwajibisha mkuu kwa ajili ya wafanyakazi wa mdogo wake ni la zamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1906 kuhusu fidia ya wafanyakazi ilimtaka aliyechukua kazi na kuigawia wengine awafidie wafanyakazi wa hao wengine kana kwamba amewaajiri yeye, kisha adai fedha zake kwa aliyemgawia. Wazo hilo liliingia katika sheria nyingi za makoloni ya Uingereza.

Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 1993, iliamua vivyo hivyo kwa njia nyingine. Mwanakandarasi asipojisajili na kulipa michango yake, wafanyakazi wake huhesabiwa kuwa wa yule aliyempa kazi, na huyo ndiye hulipa michango.

NJIA TATU ZA KUMFIKIA MKUU

Nchini Kenya, mwanakandarasi mkuu anaweza kufikiwa kwa njia tatu, na kila moja inataka ushahidi wake.

Njia ya kwanza ni kuonyesha kwamba mkuu ndiye mwajiri hasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inapomweleza mwajiri inamjumuisha wakala, msimamizi na nyapara wa mwajiri huyo. Ikiwa yule anayeitwa mwanakandarasi mdogo kwa hakika ni nyapara tu, anayekusanya watu na kupokea fedha za ujira kutoka kwa mkuu ili awagawie, basi aliye nyuma yake hawezi kujificha.

Maswali yanayochunguzwa ni ya kawaida. Nani alipanga saa za kuanza na kumaliza kazi? Nani alitoa vifaa, kofia ngumu na mbao za jukwaa? Fedha za ujira zilitoka kwa nani? Nani alikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu kazini? Majibu yakielekea kwa mkuu, jina lililoandikwa katika mkataba wa kandarasi huwa na uzito mdogo.

Njia ya pili ni ya mwenye kumiliki mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka anayemiliki au kudhibiti mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na maslahi ya watu wote wanaofanya kazi hapo. Haikusema wafanyakazi wake pekee. Mwanakandarasi mkuu aliyekabidhiwa nyumba, akaizungushia mabati na kuweka mlinzi mlangoni, atapata shida kusema kwamba mahali hapo si pake.

Zipo pia kanuni za ujenzi za mwaka 1984, zinazohusu majukwaa, ngazi, mitaro na mitambo ya kuinulia mizigo, na Sheria ya Wajibu wa Wamiliki wa Majengo, Sura ya 34, inayomtaka aliyemiliki jengo awachukulie tahadhari ya kutosha wageni wanaoingia humo kwa halali.

Chini ya Sura ya 34, aliyetoa kazi kwa mwanakandarasi wa kujitegemea anaweza kujitetea kwamba alichagua mtu stadi na akachukua hatua za busara kuhakikisha kazi inafanywa sawasawa. Utetezi huo hauwezi kusimama iwapo hakuuliza lolote.

Njia ya tatu ni mikataba yenyewe. Mikataba ya ujenzi inayotumika sana nchini, kama ule uliotolewa mwaka 1999 na Baraza la Pamoja la Ujenzi, humtaka mwanakandarasi awe na bima ya majeraha ya watu. Masharti ya kimataifa ya FIDIC ya mwaka 1999, ambayo hutumika katika miradi mikubwa, yanasema wazi kwamba mwanakandarasi mkuu anawajibika kwa matendo na makosa ya wanakandarasi wadogo kana kwamba ni yake mwenyewe. Yanaruhusu bima ya wafanyakazi wa mdogo ichukuliwe na mdogo huyo, lakini mkuu ndiye wa kuhakikisha imechukuliwa.

Kibarua si mmoja wa waliotia sahihi mkataba huo, na kwa hivyo hawezi kuudai kwa jina lake kwa urahisi. Hata hivyo, ni ushahidi wenye nguvu kwamba mkuu alijua wajibu wake na aliukubali.

SAA MBILI ZINAZOHESABU

Hapa ndipo wengi hupotea. Njia hizi haziendi katika ofisi moja wala hazina muda mmoja.

Akidai kwamba mwanakandarasi mkuu ni mwajiri wake, majeruhi huelekea kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai hilo linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo iwapo majeruhi alifariki.

Akidai kwamba mwanakandarasi mkuu si mwajiri wake, ila ni mtu mwingine ambaye uzembe wake ulisababisha ajali, dai ni la mahakamani. Sheria ya 2007 haikuufunga mlango huo. Inamruhusu mfanyakazi kudai mafao kwa mwajiri na wakati huohuo kumshtaki mtu wa tatu. Dai la uzembe lina muda wa miaka mitatu, na likiwa dhidi ya serikali, muda ni miezi 12 tu. Katika njia hii ni lazima uzembe uthibitishwe, jambo ambalo halihitajiki mbele ya Mkurugenzi.

Majeruhi anayengoja miaka miwili kwa ahadi za maneno matupu hupoteza njia ya kwanza kabisa, na hubaki na ile ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo, wakati ambapo haijulikani nani hasa ni mwajiri, ni busara kutoa taarifa kwa wote walio katika mnyororo na kwa Mkurugenzi mapema, kisha uchunguzi ndio uamue.

WENYE NYUMBA NAO

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na ukarabati wa nyumba zake husimamiwa kwa ushirikiano wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na serikali ya kaunti. Mwenye nyumba huombwa vibali, michoro na aina ya chokaa atakayotumia. Wengi huvifuata vibali hivyo kwa makini, lakini hawamuulizi fundi wao kuhusu bima.

Iwapo mwenye nyumba amemwajiri mwanakandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na amemwachia kazi yote, basi mzigo wa kwanza ni wa mwanakandarasi huyo.

Mambo hubadilika pale mwenye nyumba anapoamua kupunguza gharama kwa kuwakusanya mafundi mwenyewe, kuwanunulia vifaa, kuwapangia kazi kila asubuhi na kuwalipa jioni. Mtu wa namna hiyo anaweza kuonekana mbele ya sheria kuwa ni mwajiri, hata kama hajawahi kujiita hivyo. Aliyerithi nyumba ya babu yake Kuze kwa nia ya kuihifadhi anaweza kujikuta akidaiwa fedha zinazozidi gharama yote ya ukarabati.

MIPAKA YA KAUNTI NA YA NCHI

Mafundi wa Mombasa husafiri. Wanaojua kazi ya chokaa na matumbawe huitwa Lamu, Malindi na hata ng'ambo ya mpaka, Tanga na Unguja. Vilevile mafundi kutoka Tanzania na Uganda hufanya kazi kisiwani.

Ndani ya Kenya, mpaka wa kaunti haubadilishi haki za mfanyakazi. Katiba ya 2010 imeviweka viwango vya kazi katika majukumu ya serikali ya kitaifa. Kampuni ya Mombasa inayojenga Kwale au Kilifi inafungwa na sheria ileile. Kinachobadilika ni ofisi ya kupokea taarifa na mahakama ya karibu, kwa kuwa kesi ya madai kwa kawaida hufunguliwa mahali ajali ilipotokea au anapoishi mshtakiwa.

Tofauti na Kenya, nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake ya fidia. Majimbo mengi humhesabu mwanakandarasi mkuu kuwa mwajiri wa wafanyakazi wa mwanakandarasi mdogo asiye na bima. Lakini masharti hutofautiana, na fundi aliyetoka jimbo moja akajeruhiwa katika jingine huweza kutumbukia kati ya sheria mbili. Mkenya wa kaunti yoyote ameepushwa na hilo.

Mipaka ya nchi ni jambo jingine. Sheria ya 2007 inamlinda mfanyakazi ambaye kwa kawaida huajiriwa Kenya, na mwajiri wake anaendesha shughuli zake hasa Kenya, akijeruhiwa alipotumwa nje kwa muda. Huhesabiwa kana kwamba ajali imetokea nchini. Kinga hiyo ni ya kazi ya muda, haimfuati aliyehamia huko.

Kwa anayetoka nje kuja Mombasa, sheria haimbagui mfanyakazi kwa uraia wake. Aidha, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kuwapa wafanyakazi wa nchi jirani haki za hifadhi ya jamii kama wanavyopewa wenyeji.

Mwanakandarasi anayepeleka watu Tanzania hana budi kujua kwamba huko mfumo ni tofauti. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri wote huuchangia kwa asilimia ya mishahara. Zanzibar ina sheria zake zenyewe. Hati ya bima iliyonunuliwa Mombasa isidhaniwe kuwa inatosha Dar es Salaam au Unguja mpaka mwenye kuitoa athibitishe kwa maandishi.

MAJERUHI AFANYE NINI?

Kwanza, atibiwe, na jamaa zake wahakikishe kwamba hospitali imeandika katika rekodi kuwa jeraha limepatikana kazini, pamoja na mahali na saa. Maneno "alianguka" bila kutaja kazi yamewaponza wengi.

Pili, taarifa itolewe kwa fundi mkuu, kwa mwanakandarasi mdogo na kwa mwanakandarasi mkuu. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini iliyoandikwa, hata kwa ujumbe wa simu, ni vigumu kukanushwa.

Tatu, ushahidi ukusanywe mapema kabla ya mahali pa kazi kusafishwa. Picha za jukwaa, ubao wenye jina la mwanakandarasi na namba ya usajili, majina na namba za simu za waliokuwapo, na rekodi za malipo ya simu ni vitu vinavyoweza kuamua kesi. Malipo ya Sh1,000 yaliyotumwa kila Jumamosi kutoka namba ya msimamizi wa mkuu yanaweza kuwa ile barua ndogo aliyoikosa kibarua.

Nne, asitie sahihi karatasi ya kukubali "kusaidiwa" kwa malipo madogo ili aache madai, kabla ya kupata ushauri. Fedha za matibabu si hisani, ni wajibu wa mwajiri.

Tano, aende katika ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini kabla ya miezi 12 kwisha. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada kwa mashirika ya haki kama Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa, kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au kwa chama cha wafanyakazi wa ujenzi.

Dai likikubaliwa na Mkurugenzi, mwajiri au mwenye bima anatakiwa kulilipa ndani ya siku 90 baada ya kuwasilishiwa.

MWANAKANDARASI MKUU AJIKINGE VIPI?

Kinga yake ni nafuu kuliko kesi. Kabla ya kumruhusu mwanakandarasi mdogo aingie, na adai nakala ya hati ya bima iliyo hai, aangalie tarehe ya kumalizika, aina ya kazi iliyotajwa na idadi ya watu waliokingwa. Hati ya bima ya kupaka rangi haimkingi anayebomoa paa. Halafu apige simu kwa kampuni iliyotoa hati hiyo, ahakikishe pia kwamba imepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Asiyekuwa na bima, ama asipewe kazi, ama watu wake waongezwe katika bima ya mkuu na gharama ikatwe katika malipo yake. Mkataba uandikwe kwamba mdogo atamrejeshea mkuu fidia yoyote atakayolazimika kulipa.

Kila asubuhi pawe na daftari mlangoni lenye jina la kila aliyeingia, namba ya kitambulisho na jina la aliyemleta. Daftari hilo linamlinda kibarua, na linamlinda mkuu pia dhidi ya madai ya uongo ya mtu ambaye hakuwapo.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Ajali ikiua mtu, afisa wa usalama wa eneo ajulishwe ndani ya saa 24.

Nchi hii imeshaona gharama ya kupuuza mambo hayo. Januari 2006, jengo lililokuwa likijengwa eneo la Nyamakima, Nairobi, liliporomoka na kuua wafanyakazi. Waokoaji katika mikasa kama huo hulazimika kufukua vifusi bila kujua walio chini ni wangapi, kwa kuwa vibarua hawakuandikwa popote asubuhi hiyo.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Fidia, hata hivyo, ina njia zake, na njia hizo huandaliwa kabla ya ajali. Wajenzi wa Mji wa Kale waliijua vyema methali nyingine, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliopo leo ni ule wa kibarua asiyejulikana ni wa nani. Anayeweza kuuziba kwa gharama ndogo zaidi ni yule aliye juu ya mnyororo, kwa swali moja asubuhi ya kwanza ya kazi: Bima ya watu hawa iko wapi?